Kaniki Zisizo na Njuga

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua. Nimelala porini simba wakinguruma, nimenunua ufuta kwa watu wenye mikuki mikononi, na nikaondoka na faida. Chuoni nilikaa mwaka mmoja tu, tena nusu yake nikimtekea mwalimu maji. Leo nina maduka matatu Lindi na gari la mizigo, na makarani waliosoma ndio wanaoniamkia. Lakini madukani kwangu haiuzwi kaniki, ile nguo nyeusi. Robota lake jipya likifunguliwa popote, ile harufu kali ya rangi, kama ya chuma kilicholowa, hunirudisha kwetu Rasbura, nami nikawa mtoto wa miaka tisa.

Mama yangu, mjane, alikuwa akishona mavazi ya ngoma nyumbani, kwa mkono, mlango wazi. Kundi lililotaka kutoka likapendeza lilikuja kwake, naye akalitia marinda, simbi na njuga. Mimi ndiye niliyekuwa mti wa kupimia. Huvikwa vazi la mtu mzima, nikageuzwa huku na huku, sindano zikinichoma mbavuni, na kaka yangu Athumani hucheka mpaka akakaa chini. "Bwana harusi huyo! Mke yuko wapi?"

Mwaka ule watu wa bara walipoanza kunong'onezana habari za dawa ya maji inayozuia risasi za Mdachi, alikuja mgeni kutoka Likawage. Nikamwambia shikamoo. Alinitazama kama anayetazama ukuta, akatua robota la kaniki, akataka mavazi kumi na mawili, yote sawasawa.

"Na njuga nizitie wapi," Mama akauliza, "kiunoni au miguuni?"

"Ngoma hii haina njuga, Mama Athumani."

"Ngoma gani hiyo isiyolia?"

"Wewe shona. Na uzi usiupige fundo, hata moja. Fundo linaifunga dawa."

Mama alishona siku nne, mlango umefungwa mchana kweupe. Kila vazi lililokwisha alilitundika kambani, na ndani mle hamkuwa na upepo, lakini mikono myeusi ya nguo zile haikutulia. Nikipita huinama nisiguswe. Siku ya nne nikajipa moyo nikayahesabu. Nikafika la saba, nikaona lina miguu.

Alikuwa Athumani, amelivaa, amesimama kati ya nguo tupu, hacheki.

"Usimwambie Mama," akasema.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilidhani atalia, atamshika miguu. Alinyoosha mkono tu. "Livue. Kwapani halijakaa vizuri."

Akakaa akaupa mlango mgongo, akapitisha sindano kwapani, na nikaona kidole chake kikiusokota uzi. Fundo, kama punje ya mtama.

"Mama, fundo!"

Akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. "Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi."

Kesho yake vijana wa yule mgeni wakaondoka nayo mavazi, kumi na wawili, na Athumani ndani yao. Nami nikabaki na neno moja kifuani: kaka yangu amebeba fundo, risasi itampata yeye, na aliyemuua ni Mama. Usiniulize jinsi nilivyokula chakula cha mkono ule.

Haikupita muda mrefu mpiga mbiu akazunguka mjini: maiti za waasi ziko uwanjani Mtanda, wanawake wote wapite wawatambue, na aliyezishona zile nguo atanyongwa. Mama akanishika mkono tukaenda. Walilazwa mstari mmoja juani, wafu wa siku tatu, nyuso si nyuso tena, wote ndani ya kaniki zetu. Mishono ilikuwa imefumuka, nyuzi ndefu zimetapakaa mchangani kama zinatambaa zenyewe, na hapakusikika kitu ila nzi.

Mama aliinama kwa kila mmoja. Macho aliyapeleka kwa askari, mkono ukapita kwapani. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kwa wa tano mkono ulikaa kidogo. Kisha akaenda kwa wa sita.

"Haya, bibi, yupi wako?" askari akauliza.

"Simjui hata mmoja, bwana."

Nilirudi nyumbani narukaruka. Athumani hayumo! Niliwatambia wenzangu kuwa kaka yangu amevuka Ruvuma, na kila alfajiri nikakimbilia mlangoni kumtazamia. Mama aliniacha nikimbie. Mwaka mzima aliniacha, na baada ya hapo hakushona tena vazi la ngoma mpaka anaingia kaburini.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mali nilipoelewa. Niko ghalani, natafuta gunia langu la ufuta kati ya magunia mia ya watu. Karani anasema nami, nami namjibu huku mkono unapapasa mishono, kwa kuwa yangu huyapiga fundo langu niyajue. Mkono ukalipata, ukakaa kidogo. Nikakaa chini pale pale, juu ya ufuta.

Mama hakulipiga fundo lile ili Athumani afe. Alilipiga ili akifa amjue. Akamjua, na angesema tu "huyu wangu", wangejua nani aliyezishona, tungenyongwa sisi, au angalau yeye, nami nimeshika nguo yake. Kwa hiyo Athumani akafukiwa pamoja na wenzake pale pale uwanjani, bila sanda wala dua, na mama yangu akarudi nyumbani na mtoto anayerukaruka.

Uwanja ule siku hizi ni shamba la mtu, mihogo na minazi michache. Mimi ninayebishania bei hata ya sindano, sikubisha. Sikujua kaka yangu alilala upande gani, nikanunua lote: shilingi mia tatu sitini na mbili na senti hamsini.