Tiketi ya Asiyefikia Sikio

Bei ya bustani ya wanyama ililetwa nyumbani na baba. Alikuwa dereva wa lori la serikali, lile la kubeba kokoto za barabara, na njia yake ilipita mbele ya geti la bustani hiyo kando ya ziwa. Getini palikuwa na ubao wa bei. Baba hakuwahi kushuka kuusoma. Alipunguza mwendo tu, akatupa jicho, na jioni akishavua viatu hapa kwetu Kisugu, akatutangazia.

Safari yenyewe ilikuwa ahadi ya siku ya Idi. Baba alikuwa ameshiba, ameegemea ukuta, akasema likizo ijayo atatupeleka sote tukaone tembo. Nadhani alijuta kabla hajanawa mikono. Lakini tulikuwa watoto wanne, na maneno yaliyosikiwa na masikio manane hayafutiki. Kaka zangu wawili ndio waliokuwa wakubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wetu wa kike alikuwa na sita, au karibu na sita, kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kilipotea tulipohama.

Kupotea kwa cheti hakukuwa jambo la ajabu. Miaka ile ya serikali ya wanajeshi karatasi nyingi zilipotea, na nyingine zilizaliwa ghafla zikiwa na mihuri mizuri kuliko ya kweli. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu nasi alikuwa amekwisha kuchoka kuzisoma. Aliwapima watoto kwa mkono. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, basi amefika umri wa shule. Visipogusa, arudi mwaka ujao. Hakukuwa na kubembeleza.

Mdogo wetu alitakiwa kuingia shule mwezi wa kwanza, na mikono yake ilikuwa mifupi. Kwa hiyo haboba, ndivyo Wanubi tunavyomwita bibi, alimkalisha mbele yake kila jioni baada ya kuweka kando ukili wake wa kusukia sinia. Alimpaka mafuta ya simsim begani, akauvuta mkono taratibu.

"Lete mukono. Fika. Fika tena, binti yangu."

Haboba hakuwahi kuingia darasani hata siku moja maishani mwake, na hilo lilimuuma. Mkono wa mtoto ulipogusa sikio kwa mara ya kwanza, ncha ya kidole tu, alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Wakati huo bei ilikuwa imeshapanda mara mbili. Likizo ya kwanza tulikuwa tayari kabisa. Mama alikuwa ametunza sukari kwenye kopo la maziwa, na sukari ya magendo ilikuwa kitu cha kutunza. Siku tatu kabla ya kuondoka, baba akaja na habari kwamba namba kwenye ubao zimefutwa kwa rangi nyeupe na nyingine zimeandikwa juu yake. Ya mtu mzima ilikuwa mara mbili. Safari ikasogezwa, na sukari ikaisha kwenye chai. Likizo ya pili, ubao ulisema watoto watalipa nusu siku za kazi tu, na wikendi watalipa sawa na wakubwa. Baba siku za kazi alikuwa kazini. Wikendi alikuwa na watoto wanne. Alisimulia haya bila hasira, akijikuna kifundo cha mguu, na nikaona wazi kwamba ndani ya moyo wake amefurahi kidogo kupumzika.

Watu walisema bustani imepewa meneja mpya ambaye ni shemeji wa mkubwa fulani. Watu walisema hivyo kuhusu kila kitu siku hizo, na mara nyingi walikuwa sahihi.

Kisha shule zikafungwa mwisho wa mwaka, na baba akaja na ubao wa nne.

"Sasa iko tiketi ya familia," alisema. "Bei moja. Baba, mama na watoto tatu."

Mama alikuwa anapakua posho, ugali wetu wa kila siku. Mwiko ukasimama hewani. Alitutazama mmoja mmoja, na sikuhitaji kuwa mwalimu wa hesabu kujua anaishia wapi. Kaka zangu walikuwa wavulana, na wavulana hawakuachwa nyumbani. Mdogo wetu alikuwa kitinda mimba.

"Wewe uko na akili," mama aliniambia kwa upole. "Utakaa pale geti na vitu yetu. Tutakueleza yote."

Nilitamani kuirusha sahani yangu. Tangu Idi nilikuwa nimelala na huyo tembo na kuamka naye, nimewatambia wasichana wote wa mtaa, na sasa nilipewa kazi ya kulinda vikapu kwa sababu nina akili. Nilimeza posho ikapita kama kokoto za baba.

"Iko maneno ingine chini," baba aliendelea, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumaliza kusoma. "Mutoto yenye hajafika sikio, bure."

Haboba alikuwa wa kwanza kuelewa, naye hakupenda. Mama alikuwa wa pili, na uso wake ukang'aa. Kama mdogo wetu hatagusa sikio, ataingia bure, na nafasi tatu za tiketi zitakuwa za kaka zangu na mimi.

"Na mwezi ya kwanza?" haboba aliuliza. "Mimi nimevuta hii mukono mwaka muzima."

"Mwezi ya kwanza tutamurudisha. Hii ni mambo ya siku moja, mama," mama yetu alimjibu.

Kazi ya kumfundisha nilipewa mimi, maana ndimi niliyefaidika. Niliifanya kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Tulijificha nyuma ya nyumba, penye mgomba, siku saba mfululizo. Nilimwonyesha namna ya kuinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kukunja kiwiko bila kuonekana, na kukaza uso kama mtu anayejitahidi. Mkono ulitakiwa kuishia utosini. Alipogusa sikio nilimfinya. Alipoacha nilimpa kipande cha muwa.

Hakuelewa kwa nini. Haboba alimpigia kigelegele kwa kugusa, na sasa mimi nilimfinya kwa jambo hilohilo. Aliniuliza, na nikamjibu kwa neno fupi litakaloingia kichwani mwake likae.

"Anayeshika sikio anabaki nje."

Alilirudia. Nilimwambia alirudie tena.

Tulikwenda Jumamosi kwa basi, na vikapu viwili vya mihogo ya kuchemsha. Getini kulikuwa na foleni na karani mwembamba wa tiketi aliyevaa koti lililomzidi. Mbele yetu ilisimama familia ya mwanajeshi: yeye mwenyewe na sare zake, wake wawili, na watoto ambao sikuwamaliza kuwahesabu. Karani alifungua geti pana, lile la magari, wakapita wote bila tiketi na bila kuinua mkono. Baba aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Zamu yetu ilipofika, karani alitutazama kwa macho ya mtu aliyeyaona yote.

"Ssebo, bwana, watoto ni wanne."

"Hii mudogo hajafika sikio," baba alisema. Hakuwa mwongo mzoefu. Jasho lilimtoka.

"Tutaona. Wewe, mutoto, leta mukono juu ya kichwa. Shika sikio."

Mdogo wetu alinitazama. Kisha akainua mkono, akainamisha kichwa kidogo tu, akakaza uso mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na vidole vikafika utosini vikakwama hapo, vikitapatapa. Alifanya vizuri kuliko nilivyomfundisha. Mtu mmoja kwenye foleni alimwonea huruma, akasema, "Maskini, bado." Karani akakata tiketi moja.

Sijui niseme nini kuhusu bustani yenyewe. Vizimba vingi vilikuwa vitupu. Simba alikuwa amelala na mgongo ametugeuzia, mbavu zake zikihesabika. Tembo alikuwepo, mmoja, mdogo kuliko nilivyowaambia wasichana wa mtaa, na nilisimama mbele yake nusu saa nzima nikijilazimisha kufurahi, na mwisho nikafurahi kweli. Mdogo wetu hakujali tembo. Alipenda makorongo wenye vipara waliokuwa wakizurura kwenye majani, ndege ambao huko Namuwongo, jirani na kwetu, walijaa jalalani na kutazamwa bila tiketi. Alikula mihogo, akalala mgongoni kwa mama. Baba alisema ilikuwa siku nzuri. Alisema hivyo mara tatu ndani ya basi.

Kesho yake mama aliniita.

"Sasa umurudishie mukono yake. Umesikia? Shule iko karibu."

Nilisema nimesikia. Haboba wakati huo alikuwa ameanza kuumwa macho na amelazwa chumba cha ndani, kitambaa usoni, kwa hiyo kila kitu kiliachwa kwangu. Nilimpeleka mdogo wangu nyuma ya nyumba mara moja tu. Nilimwambia ashike sikio. Akatikisa kichwa.

"Nikishika nitabaki nje."

Nilicheka. Wenzangu walikuwa wananiita kuruka kamba, na nilikuwa na hadithi ya tembo ya kuwasimulia, tembo aliyekuwa akikua kila siku. Nilifikiri, mtoto huyu alifundishwa mwaka mzima, ataona shule atakumbuka mwenyewe. Jioni mama alipouliza, nilisema mkono umerudi. Aliuliza tena wiki iliyofuata, nikasema hivyohivyo.

Asubuhi ya kuandikisha, habari ilienea kwamba sabuni imeletwa dukani karibu na reli, na mama akakimbilia foleni. Baba alikuwa barabarani na kokoto zake. Basi mimi ndiye niliyemshika mdogo wangu mkono. Alikuwa amevaa gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha haboba, na nywele zake zilikuwa zimesukwa zikakaza mpaka macho yakawa membamba.

Mwalimu mkuu aliwaita watoto ofisini mmoja mmoja. Sisi tuliowasindikiza tulitakiwa kukaa nje. Nilisogea dirishani. Nilimwona mdogo wangu amesimama mbele ya meza, kichwa chake kikipita meza kidogo tu. Mwalimu mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuwa mtu mkali.

"Karibu, mama. Pitisha mkono hapa juu. Nionyeshe sikio lako."

Mdogo wangu alizungusha macho akinitafuta, akaniona dirishani. Akatabasamu. Mkono ukaenda juu. Nilijua kabla haujafika. Kichwa kiliinama kidogo upande wa kulia, kiwiko kikajikunja bila kuonekana, uso ukakazwa. Nilitikisa kichwa kwa nguvu, nikashika sikio langu mwenyewe, nikalivuta. Hakuelewa, au alidhani namjaribu. Vidole vilikwama utosini, vikatapatapa.

"Bado kidogo," mwalimu mkuu alisema. Alimpapasa utosi, mahali palepale. "Mwakani, inshallah."

Ningeweza kuingia. Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema mwalimu, mtoto huyu anafika, mimi ndiye niliyemfundisha asifike. Lakini ningesemaje? Ningeanzia kwenye ubao wa bei? Niliogopa mzee yule, niliogopa watoto waliokuwa wakitazama, na zaidi ya yote niliogopa mama. Nilibaki pale dirishani, mkono wangu bado uko sikioni.

Alitoka mbio.

"Sikushika!" alisema. "Sikushika hata kidogo. Sasa tunaingia?"

Mama nilimwambia darasa limejaa. Alikaa chini na vipande vyake viwili vya sabuni mapajani.

"Wamepatia watoto ya wakubwa," alisema, na hakuuliza zaidi. Baba alimwambia aende akamwone mwalimu mkuu, kisha mwenyewe akasema basi, aache. Siku hizo mtu hakwenda ofisini kuuliza kwa nini mwingine amepata na yeye amekosa. Uongo wangu ulikuwa umevaa sare ya wakati ule, na hakuna aliyeusimamisha. Haboba peke yake, kutoka chumba cha ndani, aliuliza, "Alishika sikio?" Nilisema alishika. Sijawahi kusema neno lililoniuma hivyo, na nilikuwa bado sijafika miaka kumi na moja.

Mwaka ule mzima mdogo wangu alikaa nyumbani, akimwongoza haboba kwenda msalani na kumchagulia ukili mwekundu na wa kijani, maana haboba hakuweza tena kutofautisha rangi. Mwaka uliofuata aliingia shule, akasoma, na hajawahi kunilaumu. Sidhani kama anajua kuna jambo la kulaumu.

Lakini sisi wengine tulikwenda shule kila asubuhi ya mwaka ule, na yeye alitusindikiza mpaka kwenye uzio wa nyumba, hapo akasimama. Sikutaka kugeuka nyuma, ila siku nyingi niligeuka. Alikuwa akiningoja nigeuke. Kutoshika hakukumwingiza, kwa hiyo nilipogeuka aliinua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akashika sikio lote kwa vidole vyote, akalishikilia, akinitazama aone kama leo inatosha.