Mwaka Shangazi Alipooa

Watu wa pwani hunicheka ninapowaambia kwamba shangazi yangu alioa. Wacha wacheke. Kwetu Wakurya, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa msichana, akamwita mkamwana, na watoto atakaowazaa na mwanamume wa kuchaguliwa wakawa wa nyumba yake. Shangazi alikuwa mjane pale Nyangoto. Binti zake wote walikuwa wameolewa, na shemeji zake walishaanza kulipima shamba lake kwa macho. Enzi zile za dhahabu, ardhi iliyo karibu na mgodi haikukosa watu wa kuimezea mate.

"Nikifa bila mkamwana," aliniambia, "hawa watalima mpaka juu ya kaburi langu."

Ng'ombe wa mahari alikuwa nao, tena wa jasho. Mimi na yeye tulikuwa tukiponda magwangala, yale mawe ya mabaki kutoka mgodini, tukiyasaga na kuyaosha hadi dhahabu kidogo ionekane. Wenzetu wakipata kitu walinunua pikipiki na bia. Shangazi alinunua ndama.

Msichana alipatikana upande wa Kenya, si mbali na mji wetu wa mpakani, Sirari, kwa Wakurya wenzetu ambao tunaoana nao na kuzikana nao. Baba yake alikubali. Tukawa tunajiandaa kuswaga ng'ombe, mara wakubwa wa nchi zetu mbili wakakosana. Hawa walizuia hiki, wale wakazuia kile, na kila jioni redioni walirushiana maneno. Kisha likatoka tangazo: ng'ombe yeyote atakayekutwa akielekea mpakani atakamatwa na kupigwa mnada.

Kiongozi mmoja alikuja na gari lake, akatuita uwanjani kutufafanulia tangazo lile. Alizungumza sana juu ya uzalendo. Shangazi akasimama.

"Mwanangu, malori ya mgodi yanapita hapa kila siku, sijakusikia ukiuliza yanapeleka nini wala wapi. Tulipolia juu ya mashamba yetu hukuja. Leo ng'ombe wangu wa mahari ndio umewaona?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele na miluzi. Kiongozi alisema sheria ni sheria, akapanda gari. Nilikasirika sana. Viongozi wetu tulikuwa tukiwaona wakati wa kura na wakati wa marufuku, basi.

Hatukukaa sana, baba wa msichana akapiga simu. "Mama, mimi nakuheshimu," alisema, "lakini kuna mtu huku amekuja na ng'ombe wake tayari, na ndugu zangu wananisumbua. Hii maneno ya serikali itaisha lini?"

Vijana wa kijijini walijitolea kuwapitisha ng'ombe usiku kwa njia za panya. Shangazi aliwafukuza. "Ng'ombe wa usiku ni wa wizi," alisema. "Mahari hukaguliwa mchana, kila mtu akiona."

Akampigia tena baba wa msichana, sauti yake imetulia kabisa. "Baba, kaka yako si anakaa Matongo, huku huku kwetu?"

Hapo nikaelewa, nikacheka peke yangu. Mkurya mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa au wezi wakija wasimmalize. Ng'ombe waliolala kwa kaka yake huko Matongo wangekuwa mali ya baba wa msichana sawasawa na wale wa zizini kwake Kenya. Hakukuwa na haja ya mnyama hata mmoja kuuona mpaka.

Tuliwaswaga saa za asubuhi, barabarani kabisa. Askari akatusimamisha akitaka kujua tunakwenda wapi.

"Matongo, mura," Shangazi akamjibu, kama mama anayemwita kijana wake kwa Kikurya. "Au na yenyewe imehamia Kenya?"

Askari akajizuia kucheka, akatupisha. Huko Matongo kaka mtu aliwakagua ng'ombe meno, kwato na pembe, akamrudisha mmoja kwa kuwa alichechemea. Tukaleta mwingine. Ndipo akampigia mdogo wake: mahari imefika.

Msichana akaja kwa miguu yake na begi moja. Pale Sirari, mpakani, tulikokwenda kumpokea, ofisa alimuuliza mume wake yuko wapi, na Shangazi akajisogeza mbele kwa madaha, "Mwenye mke ni mimi." Yule ofisa hakuwa mtu wa kwetu. Alitutazama sana kabla ya kugonga muhuri.

Magomvi ya wakubwa yaliendelea. Hatukuyangoja. Mkamwana alijifungua mtoto wa kiume, na shemeji zake Shangazi wakaja kumtazama, nyuso zimewashuka. Shangazi hakuwakaribisha ndani. Alimpakata mtoto, akawaongoza hadi katikati ya shamba, akamfunua uso.

"Mwenye shamba ndiye huyu," alisema. "Mkitaka kulima, mwombeni."