Mitugutu ya Mpakani

Ipo asubuhi moja naikumbuka, mwanangu. Nimesimama na panga mbele ya mitugutu iliyoota kwenye mpaka wa shamba langu la kwanza. Nilikuwa msichana, sijaolewa. Mjomba, ambaye ndiye aliyegawa ardhi ya ukoo wetu huku Uluguru, alinipa kipande kwa sharti: nikikitunza ni changu, nikikiharibu anampa mwingine. Nilitaka kupanda kabichi, na mitugutu ile, maua meupe yamejaa, ilikuwa imetia kivuli tuta zima.

"Shikamoo, Mjomba. Naanza na kichaka hiki."

"Marahaba. Wenyewe umewaaga?"

"Wenyewe akina nani?"

"Keti hapo, utawaona. Miale ya jua ikifika chini bondeni uje uniambie. Panga niachie."

Niliketi nimenuna. Mama mdogo, aliyelea wanawe kwa matunda ya pasheni upande wa pili wa mpaka, alinicheka. "Leo umeajiriwa kulinda majani?"

Walianza kuja nyuki wadogo, nao niliwatarajia. Wakafuata vipepeo, kisha chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akidonoa wadudu kati ya maua. Halafu akatoka nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, kwenye tundu la duara katika tawi kavu la mtugutu. Alizunguka maua meupe, akavuka mpaka, akajipenyeza kwenye ua la pasheni. Alipotoka, mgongo wake ulikuwa wa njano kwa chavua, akaenda nayo ua jingine. Nyuki wadogo waliingia ua lile lile, lakini migongo yao haikufika juu penye chavua.

"Mama mdogo, hawa weusi wasipokuja inakuwaje?"

Aliacha kucheka. "Ua linadondoka bure. Wanangu niwalishe nini, majani machungu ya mtugutu?"

Nilimweleza Mjomba yote. Akaongeza kwamba pasheni zinapopumzika kutoa maua, nyuki wale hupata chakula kwenye mitugutu. Kisha akanirudishia panga. "Sasa unaweza kukata."

Nilisubiri maua yapukutike, nikapunguza matawi ya upande wa tuta tu. Matawi makavu yenye matundu sikuyagusa. Kabichi zangu zilipungua kidogo, shamba likawa langu, na mama mdogo akaendelea kuchuma.

Sasa wewe unataka kuing'oa mitugutu hiyo hiyo ili ujenge ukuta. Ukuta jenga, lakini usogeze ndani. Na popote utakapopewa ardhi, mmea uliokuta umeota usiukate kabla hujaketi nao asubuhi nzima wakati wa maua yake. Tazama nani anakuja kula, nani analala humo, na akiondoka anakwenda shamba la nani. Ukishajua hayo, ndipo ushike panga.

Mungu akupe shamba lenye mlio wa mabawa, mwanangu, na jirani asikose chakula kwa kazi ya mkono wako.