Shavu la Kulia la Shangazi Kesia

"Shangazi, mbona siku hizi unatafuna upande wa kushoto?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, yeye amesimama, maana Shangazi Kesia hakai. Ukimpa kiti anakiwekea mkoba. Hapa mjini kwetu Lae kila mtu ana upande wake wa kutafunia popoo, kokwa ile inayochangamsha mwili. Unatafuna, unachovya tunda la mtambuu kwenye chokaa, unalipeleka shavuni, palepale kila siku, mpaka mate yanakuwa mekundu. Upande hubadilishi, kama usivyobadilisha mkono wa kuandikia. Wa Shangazi ulikuwa wa kulia. Akaniambia ni jino tu linamsumbua, akatema mbali, akanituma ndani nikaanue nguo kabla ya mvua.

Kazi yake ni kukata vinywa vya watu. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu darasani, na mwalimu akaniita pembeni. Ukweli ni kwamba daktari akimtoa mgonjwa kipande cha shavu au cha ulimi, kipande kinakuja maabara kwa Shangazi. Anakizika kwenye nta, nta ikiganda anakipitisha kwenye kisu cha mashine, yanatoka matabaka membamba hata ukipumua vibaya yanaruka. Anayanasa kwenye kioo, anayatia rangi ya zambarau na ya waridi, ndipo Daktari Loi anayasoma kwa hadubini.

Jumamosi moja alinichukua maabara, nami nikamchosha kwa maswali. Niliona kwamba ulimi, ukiutazama kwa hadubini, ni msitu mtupu wa vinundu. Niliona seli za shavu: za chini zimesimama wima kwenye mstari wao, za juu zimelala bapa kama makuti. Ufizi una gamba gumu juu, shavu halina, ndiyo maana biskuti kavu inalichuna. Umio nao umeezekwa vilevile kama shavu, mpaka unapofika tumboni. Hapo seli bapa zinakoma na ndefu zinaanza, ghafla, hata hazijuliani hali.

Kilichoninyima raha ni jino. Jino hulikati mpaka uliloweke kwenye asidi lilainike, na asidi ikimaliza kazi, lile gamba jeupe la nje, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, halipo. Kwenye kioo panabaki nafasi tupu. Nikamuuliza limekwenda wapi. Tulikuwa tumetoka nje apate kutafuna. Akasema limeyeyuka, lilikuwa karibu lote madini ya chokaa, na huku anachovya tunda kwenye chokaa yake.

Sheria yake ilikuwa moja: kipande kisimamishe. Ngozi hiyo ya seli ina vidole vinavyoshuka ndani ya nyama iliyo chini. Kipande kikisimama ndani ya nta, unaviona vidole vimeshikana na kiganja chake. Kikilala, kisu kinapita kwenye ncha za vidole, unaona visiwa vya seli katikati ya nyama, na unadhani saratani imezama, kumbe ni wewe uliyelaza.

Mwaka huu nina miaka kumi na sita. Likizo ilipoanza nikaona Shangazi hatii tena tangawizi kwenye mchuzi, na akipiga miayo anaishia nusu. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Fungua mdomo, Shangazi."

"Kwani wewe daktari wa meno?"

"Fungua."

"Hiyo shule inakulisha kiburi badala ya hesabu."

Lakini alifungua. Nikamulika kwa simu. Ndani ya shavu la kulia kulikuwa na doa jeupe, limepasuka kama ganda la yai, katikati jekundu. Nikamwambia nitamwambia Baba, kaka yake. Akaenda mpaka getini akarudi, mara tatu, bila kufungua geti. Asubuhi yake akaenda kukatwa kipande.

Mwenzake wa maabara alikuwa kijijini kwao kwenye msiba. Daktari Loi akamsihi Shangazi angoje mwenzake arudi amkatie.

"Ningoje nini," akasema Shangazi, "na kisu ni mimi?"

Nilikuwepo akikizika kwenye nta. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, na kilimponyoka kwenye kibano mara mbili. Sikuwahi kumwona akiponyokwa.

Kesho yake Daktari Loi alikaa muda mrefu kwenye hadubini, kisha akamwita aangalie mwenyewe. Shangazi akainama. Akainuka, akanawa mikono, akatoka, akarudi, akanawa tena. Nikaomba na mimi nione. Visiwa. Visiwa vya zambarau kila mahali ndani ya nyama. Daktari akasema kwa upole kwamba inaonekana saratani imezama.

"Nimekilaza," Shangazi akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Au nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ninavyotaka?"

Daktari akasema kuna njia moja ya kujua: nta iyeyushwe, kipande kisimamishwe, kikatwe upya. Kilikuwa kimebaki chembe tu. Shangazi akakataa kukigusa, kwa hiyo daktari akavaa glovu mwenyewe, na ilikuwa miaka hajashika mashine ile. Tabaka la kwanza likajikunja, la pili likachanika.

"Daktari, unakata kama unamenya gimbi," Shangazi akamwambia kutoka mlangoni. "Taratibu. Huyo ni mimi."

La nne likakaa. Likatiwa rangi. Mimi nilikuwa natembea dirishani na kurudi, na Shangazi vilevile, tunapishana katikati kama walinzi.

Vidole vilikuwa vimeshikana na kiganja. Seli za chini zilikuwa zimevurugika, zimepanda ovyo hadi katikati, lakini mstari wa chini ulikuwa mzima, hakuna hata moja iliyouvuka. Daktari akasema si saratani bado, ila imefika mlangoni na inabisha. Doa lote lingekatwa wiki ijayo, na popoo, ndiyo iliyolileta, ikome leo.

Nje walimngoja wahudumu wa wodini wakiwa na shada zima la popoo mbichi, maana ndicho unachompelekea mtu mwenye shida, na kukataa ni kumtukana aliyeleta. Shangazi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalilaza juu ya ukuta pale mbele yao, akasema shavu lake limefungiwa. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Tulipofika barabarani mkono wake ulikuwa unapapasa mkoba, unatoka, unaingia tena. Nikamuuliza lilikuwa jino gani lile, nilipokuwa na miaka tisa.

"Halikuwepo jino," akasema. "Doa nilikuwa nimeshaliona. Nikajiambia, nikihamia kushoto, nimeacha nusu."