Anayelipua Mabomu Ndani ya Kompyuta

Kila ninapoingia na ufagio ofisini kwa mwanasayansi huyu, taa nyekundu huzunguka darini kuwaonya wafanyakazi kwamba amekuja mtu asiye na kibali cha siri, naye hufunika kioo cha kompyuta kwa kiganja huku akiendelea kutafuna chungwa. Ana vidole laini kama vya padri na sauti ya kubembelezea mtoto. Wenzake humwita bingwa. Mabomu yaliyokuwa yakilipuliwa jangwani, yeye huyalipua kwa hesabu tu, ndani ya kompyuta kubwa zinazonguruma chumba cha pili, kisha hufuata vumbi lake mpaka linapotua. “Bi Delfina, hapa haumii hata nzi,” huniambia, akicheka peke yake.

Jana nilishindwa kunyamaza. Dada yangu Eloisa ana saratani shingoni, na serikali inakataa kumtibu. Inasema vumbi lenye sumu la bomu la nyuklia ililojaribu jangwani tukiwa watoto halikufika bondeni kwetu. Halikufika! Mama alilikung’uta kwenye nguo alizoanika.

“Mashine yako inaweza kuonyesha vumbi lile lilitua wapi?” nikamuuliza.

“Inaweza. Kwake hiyo ni kazi ndogo sana.”

“Basi iulize, bwana.”

“Hilo sikuagizwa, Bi Delfina.”

“Na Eloisa ameagizwa na nani kufa?”

Hakukasirika, wala hakuona haya. Aliinua miguu yote miwili, kwa adabu kabisa, ili nifagie chini ya meza.