Aliyeitika kwa Jina la Sefu

Harufu ya saruji iliyomwagiwa maji hunirudisha Temeke, kwenye uwanja wetu mdogo, enzi zile za ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa. Ni harufu nzuri, sikatai, lakini mpaka leo nikiipata nywele hunisimama.

Ng'ambo ya uzio wetu wa mabati, tajiri mmoja alikuwa akijenga ghorofa. Kila asubuhi nyapara, msimamizi wa vibarua, alisimama getini akaita majina kutoka kichwani. Ukiitika "Nipo!" umepata kazi ya siku. Ukikawia, kibarua kimeota nyasi, na nje walijaa watu waliokuwa wakikiombea kiote. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akirudi mapema, mikono misafi, na mama hamwulizi kitu.

Sefu ndiye kibarua pekee niliyemfahamu, kwa sababu alinirushia karanga juu ya mabati. Siku moja mbao za jukwaa zilikatika akiwa na karai la zege kichwani, akaanguka kutoka juu kabisa. Alizikwa alasiri ileile. Wenzake walipotoka makaburini walikuta kazi inaendelea.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja. Nyapara akaita, "Sefu!"

Ufagio ukanitoka mkononi.

"Sefu!"

"Nipo!"

Sauti ilikuwa ya baba yangu.

Jioni alikuja na unga na sukari, kope zimejaa vumbi jeupe. Nikamwuliza mama kwa mnong'ono kama Sefu amemwingia baba.

"Kula, Zuhura," akasema. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Sikuridhika. Nikampa baba karanga ili nimpime. Akazila zote, hakubakiza hata moja. Wiki nzima nililala nimejifunika gubigubi.

Mjane wa Sefu, Bi Tatu, alipotoka eda alikuja getini kudai haki ya marehemu. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Nyapara hakubishana naye. Aligeuka tu, akaita, "Sefu!"

Baba alikuwa amewapa mgongo, karai kichwani. "Nipo!" akaitika kwa mazoea.

"Umemsikia mwenyewe, mama. Mumeo yupo kazini. Nani kafa hapa?"

Baba akageuka. Bi Tatu alimtazama, wala hakulia. Akasema taratibu, "Basi jioni usipitilize, mume wangu. Wanao hawajala."

Nilikimbilia ndani, nikiamini kwamba amemwona mumewe ndani ya baba. Ilinichukua miaka kuelewa kuwa Bi Tatu alikuwa na akili zake timamu, na kwamba nyapara hakuita jina la marehemu kwa kusahau. Maadamu kuna mtu anaitika, hakuna aliyekufa pale, na tajiri hadaiwi na mtu. Nimewahi kumkasirikia baba, nikamwonea huruma, kisha nikamkasirikia tena.

Kesho yake Sefu aliitwa kama kawaida. Safari hii baba alikawia. Mama aliacha kupepea moto akatega sikio, nami nikatega langu, huku tumbo likiniuma kwa njaa.

Kisha baba akaitika, nasi tukala.