Simu Iliyosahihisha Baiskeli ya Baba

Jumanne nilikuwa saiba moja, duka la intaneti, ya Kaloleni, Eastlands, mimi ambaye Kiingereza nilikiacha darasa la saba kikiwa bado kizima. Kando yangu nesi mmoja msichana alikuwa akifanya mazoezi ya mtihani wa kuongea Kiingereza. Akifaulu, anapata kazi ng'ambo. Programu iliyo kwenye simu yake inauliza kuhusu baiskeli, anajibu, nayo inamwandikia jibu lililoboreshwa.

Akasema: "Marehemu baba alikuwa akinibeba kwa baiskeli."

Simu ikaandika: "Baba hunibeba kwa baiskeli." Neno marehemu limefutwa.

"Wee, baba alikufa!" akaifokea, kisha akarudia polepole.

Simu ikaandika: "Baba ananibeba kwa baiskeli. Ananingoja nje."

Akanigeukia, kiganja mdomoni. "Mzee, mimi sijataja nje."

Mara kengele ya baiskeli ikalia mlangoni. Mimi Eastlands nzima siogopi kitu. Ni kiti tu nilichokisogeza mbali na mlango. Hakuna aliyechungulia.

"Kesho kwa mtihani niseme jibu lipi?" akaninong'onezea.

"Sema la simu, binti yangu. Sarufi iko sawa, na baba mwenyewe yuko mlangoni."